CT safi haifuti dai: jibu kwa kondakta aliyegonga kichwa kwenye reli ya Marekani

Swali: Mimi ni Mkenya, kondakta wa treni za mizigo hapa Marekani, huu mwaka wa nne. Wiki tatu zilizopita, zamu ya usiku yadini, nilikuwa nimepanda ngazi ya ubavuni mwa behewa huku treni ikisukumwa kinyumenyume. Mabehewa yakavutana ghafla, kishikio nilichokikamata kikacheza, nikajigonga juu ya sikio kwenye chuma kisha nikaangukia kokoto. Sikuzimia. Nilimwambia msimamizi wa yadi, nikamalizia zamu. Kesho yake nilienda hospitali, nikajaza fomu ya kazini, na penye sababu nikaandika "niliteleza". Picha ya CT ya kichwa ilikuwa safi. Lakini hadi leo kichwa kinauma, mwanga unanichoma macho, na namba ya behewa niliyosomewa redioni dakika moja iliyopita inanitoka. Afisa wa madai wa kampuni hanipi nafasi: anataka kunirekodi, na anasema nikitia saini nitalipwa mshahara wa wiki mbili. Jamaa zangu wanasema nitulie, fidia ya kazini hulipwa tu. Nitulie? Tena dereva aliyefunga breki ni rafiki yangu, sitaki kumponza.

Jibu:

Usitulie, ndugu yangu, na usitie saini karatasi yoyote wiki hii.

Jamaa zako wanazungumzia sheria ya nyumbani. Kenya ina WIBA ya mwaka 2007, Tanzania ina mfuko wa WCF, na kote huko aliyeumia kazini analipwa bila kwanza kuthibitisha nani alizembea. Hata hapo ulipo, dereva wa lori au mpishi wa hoteli analipwa na bima ya fidia ya jimbo kwa mtindo huohuo. Mfanyakazi wa kampuni ya reli hayumo humo. Yeye ana sheria yake ya shirikisho, FELA, iliyopitishwa mwaka 1908, nayo si bima. Ni haki ya kumdai mwajiri kwa uzembe, mahakamani ikibidi. Usipothibitisha kosa la kampuni, au ubovu wa kifaa ambao sheria imeukataza, huondoki na senti. Ukithibitisha, unadai mshahara uliopotea na utakaopotea, matibabu, na maumivu yenyewe, wala hakuna jedwali linalosema kichwa ni dola kadhaa na kidole ni dola kadhaa.

Kwa hiyo kutulia ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Jeraha lako halionekani kwenye picha, na ushahidi wa kosa lililolisababisha unafutika kila siku: behewa linaondoka, fundi anakaza boliti, rekodi inafunikwa na rekodi mpya.

Kichwa kwanza

Nenda hospitali ya dharura leo hii, usingoje miadi, ukiona lolote kati ya haya: maumivu yanayozidi siku hadi siku, kutapika mara kwa mara, degedege, mboni ya jicho moja kubwa kuliko nyingine, ulimi mzito, mkono au mguu kulegea, kuchanganyikiwa, au watu wa nyumbani kushindwa kukuamsha. CT ile inazungumzia siku ile tu. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu na kujitokeza baada ya wiki kadhaa, hasa kwa mzee au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Maumivu yakipanda badala ya kushuka, daktari aulizwe waziwazi kama picha irudiwe.

Kama hakuna hayo, basi picha safi haishangazi. CT inatafuta damu na ufa wa mfupa. Mtikisiko wa ubongo ni hitilafu ya utendaji: seli zimetikiswa, zinafanya kazi vibaya, lakini kwa umbo hakuna cha kupigwa picha. Na wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Haya mawili, "hakuzimia" na "CT safi", utayasikia tena na tena kutoka upande wa kampuni, na kitabibu hayathibitishi kwamba huumwi.

Tofautisha kuzimia na kukatika kwa kumbukumbu. Daktari wa dharura aliuliza kama ulipoteza fahamu, ukasema hapana, akaandika hapana. Sasa kaa chini ujiulize: kitu cha mwisho unachokumbuka kabla ya kugonga ni kipi? Cha kwanza baada ya hapo? Kama unakumbuka mkono wako kwenye kishikio, kisha unakumbuka uko wima unatembea kuelekea kibandani, na katikati hakuna kitu, hilo ni pengo, na pengo ni alama ya mtikisiko. Liseme kwa daktari anayefuata, kama lilivyo. Kama hakuna pengo, usilitunge.

Jambo jingine linalowaponza watu wetu sana ni adabu. Tumelelewa kujibu "nzuri" tukiulizwa hali, kisha maradhi yafuate taratibu. Muuguzi wa Marekani anaandika lile jibu la kwanza. Miezi minane baadaye, wakili wa kampuni anasoma mbele ya juri: tarehe fulani mgonjwa alisema anaendelea vizuri. Anza na dalili. Sema siku ngapi kwa wiki kichwa kinauma, kinakulaza saa ngapi, umeshindwa kufanya nini. "Jumanne nilisomewa namba tatu, nikarudia moja" ni bora mara kumi kuliko "nasahausahau". Andika hayo nyumbani kwenye daftari, mistari miwili kila jioni, yenye tarehe, na siku njema uziandike pia. Daftari lisilo na siku njema hata moja haliaminiki. Na jua kuwa kesi ikifunguliwa upande wa pili unaweza kudai kulisoma, basi liwe la dalili tu. Hasira zako kwa kampuni zikae kwingine.

Tafuta daktari wako mwenyewe, si wa kuelekezwa na kampuni: daktari wa neva, au kliniki inayoshughulika na mtikisiko. Mwombe apime usawa wa mwili na mwendo wa macho, maana kizunguzungu na kuchomwa na mwanga mara nyingi vinatokea hapo, na vyote vina mazoezi ya tiba. Kampuni inaweza kumtuma muuguzi "wa kukusaidia" aingie nawe chumba cha daktari. Una haki ya kumwambia asubiri nje.

Kulala gizani wiki nzima ni ushauri uliopitwa na wakati. Siku moja au mbili za kupumzika, kisha shughuli nyepesi kama kutembea, ukiongeza kadiri dalili zinavyoruhusu. Angalia pia dawa: ukimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe zinaweza kuzaa maumivu mapya ya kichwa, na hapo hata daktari hajui tena kinachouma ni pigo au vidonge. Wengi wanapona ndani ya wiki chache. Wachache dalili huvuka miezi mitatu, na hao ndio wanaopelekwa kwenye vipimo virefu vya kumbukumbu na umakini kwa mwanasaikolojia wa neva. Ukifika huko, mweleze kabla ya kuanza kwamba Kiingereza si lugha yako ya kwanza. Vipimo hivyo vinalinganisha alama zako na za watu waliokulia Kiingereza, na kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani kwa dakika moja si kipimo cha haki kwa aliyekulia Kiswahili. Ndani ya vipimo vilevile mna mitego ya kuona kama mtu anajifanya mgonjwa. Fanya kila swali kwa uwezo wako wote, bila kujilegeza ili "ionekane". Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Usimtumie mtoto wako.

Usirudi kupanda ngazi ya behewa ukiwa na kizunguzungu, hata kama pesa zimekwisha. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona ni hatari kuliko la kwanza, na kazi ya kuitwa saa nane usiku inavuruga usingizi ambao ndio dawa yenyewe.

Kishikio kile ndicho dai lako

Umekitaja kwa maneno matatu tu, "kishikio nilichokikamata kikacheza", na ndicho kitu kizito kuliko vyote ulivyoandika.

Kwa kawaida FELA inakutaka uthibitishe uzembe. Mzigo huo ni mwepesi kuliko kesi nyingine: inatosha kosa la kampuni liwe limechangia jeraha, hata kwa sehemu ndogo sana. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1957 na ikarudia mwaka 2011. Kosa la mfanyakazi mwenzako, kama dereva kufunga breki vibaya, linahesabiwa kuwa la kampuni. Na kampuni haiwezi kujitetea kwamba uliijua hatari ya kazi ukaikubali. Utetezi huo ulifutwa mwaka 1939. Lakini kosa lako wewe linapunguza malipo. Juri ikisema hasara yako ni dola 400,000 na wewe ulichangia asilimia 25, unapata 300,000. Ndiyo maana watatafuta kanuni uliyoivunja: ulishika kwa mkono mmoja, ulikuwa ukizungumza redioni, mguu haukukaa sawa.

Sheria ya vifaa vya usalama vya reli, ambayo mzizi wake ni wa mwaka 1893, inabadilisha hesabu hiyo. Inataka behewa liwe na ngazi imara, vishikio imara, breki ya mkono inayofanya kazi, na viungo vinavyoshikana vyenyewe vikigusana. Kishikio kikiwa kimelegea wakati behewa linatumika, kampuni imevunja sheria, hata kama lilikaguliwa asubuhi ile na hata kama hakuna aliyejua. Huhitaji kuthibitisha uzembe. Na kama ulegevu huo ulichangia kuumia kwako, hukatwi hata senti kwa kosa lako mwenyewe: zile 400,000 zinabaki 400,000. Behewa lililokuwa likisukumwa yadini huhesabiwa kuwa linatumika. Lililokwisha kuingizwa karakana kutengenezwa ni habari nyingine.

Sasa angalia ulichoandika kwenye fomu: "niliteleza". Neno hilo linaweka lawama kwenye buti lako. Uliliandika siku moja baada ya kugongwa kichwa, ukiwa na ubongo uliotikisika, na fomu hizo zimepangwa kiasi kwamba swali la "ungefanya nini kuepuka" linakuja kabla hujapumua. Halifutiki, na usijaribu kulifuta wala kubadilisha nakala. Linarekebishwa kwa nyongeza ya maandishi, yenye tarehe ya leo, baada ya kuongea na wakili. Iwe fupi: "Nyongeza kwa fomu yangu ya tarehe fulani. Niliandika niliteleza. Ufafanuzi: mabehewa yalivutana ghafla, kishikio cha kulia kwenye ngazi kilisogea mkononi mwangu, nikapoteza mshiko, nikagonga kichwa upande wa kushoto juu ya sikio, nikaanguka. Sikuulizwa kuhusu kishikio." Sentensi ya mwisho iwepo tu kama ni kweli. Kila neno liwe unalikumbuka wewe, maana taarifa ya uongo ni kosa la kufukuzwa kazi kwenye kampuni zote za reli. Omba pia nakala ya kumbukumbu ya jeraha lako, fomu namba 6180.98 ya FRA, mamlaka ya shirikisho ya usalama wa reli. Kanuni inasema mfanyakazi akiiomba apewe. Soma walichojaza wao.

Kisha namba ya behewa. Herufi na tarakimu za ubavuni, njia namba ngapi, saa ngapi. Kama huikumbuki, imo kwenye orodha ya kazi ya zamu ile, na mwenzako anaweza kuwa nayo. Bila namba hiyo, una kishikio kisicho na behewa. Behewa la mizigo linaweza kuwa majimbo matatu mbali na yadi yako wakati unasoma hapa, na fundi yeyote njiani akiona kishikio kinacheza atakaza boliti mbili na kuendelea na safari yake bila nia yoyote mbaya. Alichokifanya huandikwa kwenye rekodi ya matengenezo, na rekodi hiyo inatafutika kwa namba tu.

Barua ya kuhifadhi ushahidi

Hii ni kazi ya kwanza ya wakili, na inaweza kutoka siku hiyohiyo unapomwajiri. Inaitaka kampuni isifute wala kutengeneza, na itaje vitu kwa majina: data ya kinasa matukio cha kichwa cha treni, kamera za yadi na za kichwa cha treni, rekodi za redio, orodha ya kazi ya zamu, ukaguzi na matengenezo ya behewa lile, na kishikio chenyewe na boliti zake kama vimetolewa.

Kinasa matukio kina umuhimu wa pekee. Kinaandika kasi, nafasi ya moto wa injini na breki ilivyofungwa, na kinatakiwa kuhifadhi saa 48 za mwisho za kazi. Baada ya hapo kinajiandika juu yake. Wiki tatu zimepita, basi kama hakuna aliyeipakua data ile, imekwenda. Ila ajali inayopaswa kuripotiwa FRA inailazimu kampuni kuihifadhi data kwa mwaka mmoja, na kuumia kwako ni kwa kuripotiwa kama umekosa siku za kazi au umepewa matibabu yanayozidi huduma ya kwanza. Kwa hiyo swali la wakili halitakuwa tu "data iko wapi" bali pia "kwa nini haiko".

Kwa nini kasi na breki vina maana? Kila kiungo kati ya mabehewa kina mlegeo kidogo. Treni ya mabehewa 40 ikisukumwa, milegeo yote imebanwa. Kichwa cha treni kikifunga breki ghafla, inavutika mmoja baada ya mwingine, na aliyeko mwisho wa treni anapata mnyakuo wa yote arubaini. Dereva anaweza kuona amefunga breki ya kawaida kabisa. Data inaonyesha alianza lini, akiwa kasi gani, na wewe ulimpa umbali gani redioni. Mara nyingine inamsafisha dereva na kuonyesha kwamba tatizo ni idadi ya watu wa zamu, au agizo la kuharakisha. Hayo nayo ni uzembe wa kampuni.

Afisa wa madai na zile wiki mbili

Afisa wa madai anaweza kuwa mtu mwema, lakini mshahara wake unatoka upande wa pili. Kujaza fomu ya ajali ni wajibu wako kwa kanuni za kazi. Kurekodiwa maelezo naye si wajibu unaotokana na FELA. Angalia tu na mwakilishi wa chama chako kama mkataba wa chama una kipengele kuhusu mahojiano. Kuna pia mahojiano rasmi ya nidhamu, na hayo ni kitu kingine: ukiitwa huko unahudhuria, na mwakilishi wako pembeni. Afisa akipiga simu, sema: "Bado natibiwa. Sitatoa maelezo ya kurekodiwa sasa. Tafadhali niandikie." Usieleze zaidi. Mtu mwenye mtikisiko huchoka baada ya dakika ishirini za maswali, na mchovu hukubali chochote ili amalize.

Hati ya wiki mbili itakuwa na maneno ya kuachilia madai yote yanayojulikana na yasiyojulikana. FELA inabatilisha mkataba wowote unaomvua mwajiri dhima mapema, ila suluhu ya jeraha lililokwisha kutokea inashika. Ukitia saini, na mwezi wa nne bado husomi karatasi bila kichefuchefu, umekwisha.

Na wiki mbili hizo hata si wiki mbili. Bodi ya mafao ya wafanyakazi wa reli, RRB, inakulipa posho ya ugonjwa ukiwa hufanyi kazi, lakini ina haki ya kurudishiwa posho hiyo kutoka kwenye malipo yoyote ya suluhu. Sehemu inayoitwa mshahara uliopotea nayo hukatwa kodi ya pensheni ya reli. Mahakama ya Juu ililimaliza suala hilo mwaka 2019.

Posho yenyewe uiombe leo kama bado. Fomu ni mbili: SI-1a unaijaza wewe, SI-1b anaijaza daktari. Zinatakiwa zifike RRB ndani ya siku 10 tangu siku ya kwanza unayoidai, kwa hiyo umechelewa kwa siku za mwanzo. Zipeleke hivyohivyo, ukiambatisha maelezo ya daktari kuhusu hali yako ya kumbukumbu. Dai la kwanza haliligusi juma la kwanza la ugonjwa, kisha madai huenda kwa vipindi vya siku 14. Mwulize pia mwakilishi kama chama chenu kina bima ya ziada ya ugonjwa. Pensheni ya ulemavu ya kazi ya reli si yako bado: inataka miaka 20 ya utumishi, au 10 kwa aliyetimiza miaka 60. Mwenye miaka minne hana mto huo wa kuangukia, na ndiyo sababu dai la FELA kwako ni zito kuliko kwa mzee wa yadi.

Wakikuandama kwa kuripoti

Uliripoti kwa mdomo usiku ule, fomu ikaja kesho yake. Kampuni nyingi zinataka fomu kabla ya zamu kuisha, na "kuchelewa kuripoti" ni shtaka la nidhamu linalotumiwa sana. Sheria ya usalama wa reli inakataza kumwadhibu mfanyakazi kwa sababu aliripoti kuumia, au alifuata amri ya daktari wake, na inakataza kumchelewesha au kumzuia asitibiwe. Ukiletewa barua ya mashtaka, una siku 180 tu kupeleka malalamiko OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, na siku hizo hazingojei rufaa ya chama imalizike. Inatosha kuonyesha kuwa ripoti yako ilichangia adhabu. Malipo yake yanaweza kujumuisha fidia ya kumkomoa mwajiri hadi dola 250,000, kitu ambacho FELA haina.

Muda wa FELA yenyewe ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Katika muda huo kesi iwe imefunguliwa mahakamani. Barua za mazungumzo, hata zikiwa sitini, hazisimamishi saa. Unaweza kuifungua mahakama ya jimbo au ya shirikisho, na ukichagua ya jimbo kampuni haiwezi kuihamisha kwa sababu ya FELA peke yake. Mahakama ipi ni swali la kumuuliza wakili siku ya kwanza. Jibu lake litakuonyesha kama anaijua kazi hii.

Wakili wa ajali za magari hatoshi. Vyama vikubwa vya reli vina orodha ya mawakili waliowateua kwa FELA. Anzia hapo, lakini zungumza na zaidi ya mmoja. Wanalipwa kwa asilimia ya kinachopatikana, mara nyingi kati ya robo na theluthi. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: asilimia inakatwa kabla au baada ya gharama, na ukishindwa gharama za wataalamu analipa nani. Daktari wa neva kutoa ushahidi ni maelfu ya dola, hivyo swali la pili si dogo. Anayekutafuta mwenyewe hospitalini na kukupa pesa ya matumizi, mwepuke.

Kwa wasomaji wengine: kama unafanya kazi relini lakini mshahara unatoka kwa kampuni ya nje, mfano ya kusafirisha wafanyakazi kwa gari au ya kutengeneza njia, kwa kawaida uko chini ya fidia ya jimbo, si FELA. Isipokuwa ionyeshwe kwamba kampuni ya reli ndiyo hasa iliyokuwa ikiongoza na kudhibiti kazi yako.

Mwisho, rafiki yako dereva. Mdaiwa ni kampuni, naye hatalipa chochote wala hatatajwa kama mshtakiwa. Kama mabehewa yalivutana kwa sababu ya breki yake, huenda kampuni ilikwisha kujua kutokana na kinasa matukio kabla wewe hujafungua mdomo. Na kama kiini ni kishikio, ushahidi wake ndio unaomtoa yeye lawamani. Usimpange cha kusema, na msijadili ajali kwenye WhatsApp, maana meseji hizo zinaweza kudaiwa mahakamani. Mwambie jambo moja tu: FELA inaikataza kampuni kumzuia au kumwadhibu mfanyakazi anayetoa kwa hiari habari za ajali kwa aliyeumia au wakili wake. Kama alikiona kishikio kile kabla hakijakazwa, au ana namba ya behewa kwenye karatasi ya zamu, anaweza kumpigia wakili wako mwenyewe.